Ua Dogo la Manjano Juu ya Maji: Je, Hili Nalo ni Yungiyungi?

Utangulizi

Mwalimu wa lugha anaposahihisha insha huwa na kalamu nyekundu mkononi na kamusi mezani. Mara nyingi vitu hivyo viwili humtosha. Makala haya yanahusu siku ambayo havikututosha.

Muhula uliopita tuliwapa wanafunzi wetu wa hapa Mbarara insha ya maelezo yenye mada "Mahali ninapopafahamu". Mwanafunzi mmoja, mzaliwa wa mashariki mwa Kongo anayeishi Kabingo, aliandika kuhusu mwalo mmoja wa Ziwa Nakivale. Alieleza mitumbwi, harufu ya samaki na matete. Kisha akaandika kwamba pembezoni mwa maji "huota yungiyungi dogo la maua ya manjano". Tulipigia mstari maneno hayo kwa wino mwekundu na kuandika pembeni: "Maua ya yungiyungi ni ya buluu au meupe. Angalia kamusi." Tukamkata alama mbili.

Baada ya kipindi alitufuata. Hakuja kwa ubishi, alikuja kwa upole, akasema kwa Kiswahili cha kwao: "Mwalimu, hii maua minaionaka kila siku ku mayi." Wiki iliyofuata alileta mmea wenyewe ndani ya mfuko wa plastiki wenye maji. Ua lilikuwa la manjano kweli kweli.

Ndugu msomaji, tungeweza kulimaliza jambo hilo kwa kumrudishia alama zake. Lakini swali lilibaki: je, ua lile lilikuwa yungiyungi? Na kama silo, je, sisi tulikuwa na haki ya kuandika kwamba yungiyungi la manjano halipo? Tulilazimika kutoka kwenye kamusi na kuingia kwenye elimumimea. Tuliyoyapata huko tunaona yanawafaa walimu na wanafunzi wenzetu, kwa kuwa yanagusa kazi yetu ya kila siku ya kuvipa vitu majina.

Kutoka Mbarara hadi ziwani

Wengi wa wasomaji wetu wanaifahamu njia ya kutoka Mbarara kupitia Kabingo, wilayani Isingiro, kuelekea makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Makazi hayo yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Humo wamo watu kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia, Ethiopia na kwingineko, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowaunganisha sokoni, kanisani, msikitini na kisimani.

Ziwa Nakivale lenyewe ni dogo na lina kina kifupi. Limo katika mfumo wa maziwa na mabwawa unaohusiana na Mto Rwizi, mto uleule unaopita hapa Mbarara. Mwaka 2006 eneo la ardhioevu la Mburo na Nakivale liliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, yaani orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Ziwa la namna hiyo, lenye maji ya kina kifupi, tope jingi na jua la kutosha, ndilo hasa mimea ya majini hulipenda.

Tulipofika mwaloni na mwanafunzi wetu tuliwauliza wavuvi jina la ua lile. Mmoja alijibu "maua ya maji", mwingine "majani ya ziwani". Tulipowaonyesha ua la buluu lililokuwa mbali kidogo, nalo likapewa jina hilohilo. Tuliona kwamba tatizo halikuwa la mwanafunzi peke yake. Mtu anayepita na mtumbwi hahitaji majina mawili kwa vitu anavyovisukuma kwa kasia lilelile. Mwalimu, hata hivyo, anayahitaji.

Yungiyungi ni mmea wa namna gani?

Neno yungiyungi (wingi: mayungiyungi, ngeli ya LI-YA) kwa kawaida hutumika kwa mimea ya jenasi ambayo wanasayansi huiita Nymphaea. Katika maji ya Uganda, yungiyungi linaloonekana sana ni lile la buluu, Nymphaea nouchali. Lipo pia yungiyungi jeupe, Nymphaea lotus, ambalo hufungua maua yake usiku na majani yake yana meno meno pembezoni. Ndiyo maana tuliandika "buluu au meupe" bila wasiwasi.

Yungiyungi halielei ovyo kama gugumaji. Lina shina nene lililolala ndani ya tope, na mizizi yake imeshika chini. Kutoka katika shina hilo huchipuka vikonyo virefu, na kila kikonyo hubeba jani moja au ua moja. Jani ni la mviringo na lina mpasuko unaotoka ukingoni hadi pale kikonyo kinaposhikia. Maji yakipanda, kikonyo cha jani changa huweza kurefuka ili jani libaki juu.

Mimea mingi ya nchi kavu ina matundu ya kupitishia hewa, yaani stomata, upande wa chini wa jani. Yungiyungi linaloelea lina matundu hayo upande wa juu, kwa sababu upande wa chini umelala juu ya maji. Ukikata kikonyo chake utaona ndani yake mifereji ya hewa, kama mirija iliyofungwa pamoja. Kupitia mifereji hiyo shina lililozama kwenye tope lisilo na hewa hupata pumzi. Mwaka 1980 mtafiti John Dacey alieleza jinsi kazi hiyo inavyofanyika katika jamaa mmoja wa yungiyungi mwenye maua ya manjano, Nuphar lutea. Jua linapopasha joto majani machanga, shinikizo la hewa hupanda ndani yake. Hewa husukumwa chini kupitia vikonyo, hufika kwenye shina topeni, kisha hutokea kwenye majani yaliyozeeka. Jani moja liliweza kusukuma hata lita 22 za hewa kwa siku. Kumbe ua lile linaloonekana limetulia kabisa, ndani yake mna upepo unaovuma.

Ua la yungiyungi lina sepali nne kwa kawaida, petali nyingi zilizopangwa kwa mzunguko, na stameni nyingi. Ukitazama kutoka nje kwenda ndani, mara nyingi utaona petali zikipungua upana kidogo kidogo, na ni vigumu kusema hasa petali zinaishia wapi na stameni zinaanzia wapi. Ua hufunguka na kufunga kwa muda wa siku tatu hadi nne hivi. Siku ya kwanza hutenda kazi ya kike: katikati yake huwa na kikombe chenye majimaji, na mdudu aliyetoka kwenye ua jingine akitua humo chavua aliyoibeba huoshwa na kubaki. Siku zinazofuata kikombe hukauka na stameni hutoa chavua. Ua limegeuka la kiume. Kwa mpango huo ua hujiepusha kujichavusha lenyewe. Baada ya uchavushaji tunda huvutwa chini na kukomaa majini. Mbegu hutoka zikiwa na kifuko laini kinachozisaidia kuelea kwa muda, kisha huzama na kuanza maisha mapya mahali pengine.

Ukoo huu ni wa kale mno. Mabaki yake yaliyogeuka mawe yana umri wa zaidi ya miaka milioni 100, na wanabotania huuhesabu kuwa miongoni mwa matawi ya kwanza kabisa kuachana na shina la mimea yote itoayo maua. Mwaka 2020 wanasayansi walichapisha mpangilio kamili wa vinasaba vya Nymphaea colorata, yungiyungi ambalo asili yake ni Tanzania, wakitafuta jibu la swali la jinsi maua yalivyoanza duniani.

Hesabu petali

Sasa turudi kwenye mfuko wa plastiki wa mwanafunzi wetu. Tulipouweka mmea mezani, jambo la kwanza tuliloliona ni kwamba petali zilikuwa tano tu. La pili, majani hayakuwa ya mviringo wala hayakuwa na mpasuko; yalikuwa marefu kiasi, yamepangwa moja moja kwenye shina linalotambaa juu ya maji. La tatu, kwenye vifundo vya shina palikuwa na vitu vyeupe, laini kama sponji. Hivyo ni viungo maalumu vyenye hewa ambavyo huusaidia mmea kuelea. La nne, ovari haikuwa katikati ya ua bali chini ya petali, kama kijiti.

Dalili hizo nne zinatosha. Mmea ule ni Ludwigia stolonifera, mmea wa majini unaopatikana sehemu nyingi za Afrika. Jina lake ni kumbukumbu ya Mjerumani Christian Gottlieb Ludwig. Si yungiyungi, wala si jamaa wa karibu wa yungiyungi. Katika mpangilio wa wanabotania uko kundi moja kubwa na mpera, mkaratusi na mkarafuu. Naam, ua dogo la Nakivale lina udugu wa karibu zaidi na karafuu za Pemba kuliko na yungiyungi la buluu lililo jirani yake.

Kwa manufaa ya wasomaji, tunaorodhesha hapa maua mengine ya manjano ya majini yanayoweza kumchanganya mtu. Njia nyepesi ya kuyatenganisha ni kuhesabu petali na kutazama jani.

Petali tatu: Ukiona ua la manjano lenye petali tatu limejitokeza juu ya maji, na majani yote yamezama chini, huenda ni Ottelia ulvifolia. Chini ya ua kuna kifuko kinachofanana na ala.

Petali tano, jani la mviringo lenye mpasuko: Huu ni mmea wa jenasi ya Nymphoides, mdanganyifu kuliko wote. Jani lake ni kama la yungiyungi lililopunguzwa, lakini ua ni dogo, na mara nyingi petali zina manyoya au nyuzi nyuzi. Maua huchipuka kwa kichala karibu na jani, kana kwamba yanatoka chini ya jani lenyewe. Baadhi ya spishi zake ni nyeupe zenye kitovu cha manjano, nyingine ni za manjano tupu. Licha ya jani lake, wanabotania huuweka karibu zaidi na alizeti kuliko na yungiyungi.

Petali tano, shina linalotambaa, sponji nyeupe: Huyo ndiye Ludwigia wetu.

Ua lenye mdomo kama la maharage, halina jani la kuelea: Ni Utricularia. Mmea huu hauna mizizi. Chini ya maji una vifuko vidogo vyenye mlango, navyo hunasa viumbe wadogo kwa kufyonza maji ghafla, kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata.

Petali nyingi, sepali nne, jani lenye mpasuko, kikonyo kimoja kwa kila ua: Hapo ndipo unaweza kusema bila kusita, hili ni yungiyungi.

Mwanafunzi wetu, basi, alikosea. Lakini je, sisi tulipatia?

Yungiyungi la manjano lipo

Jibu fupi ni kwamba hatukupatia. Yungiyungi halisi la manjano lipo, tena lipo Afrika.

Tanzania bara lina yungiyungi liitwalo Nymphaea stuhlmannii. Limepewa jina la Franz Stuhlmann, mtaalamu wa Kijerumani aliyesafiri na kukusanya mimea na wanyama Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19. Maua yake ni ya manjano, hufunguka mchana na kusimama juu ya maji. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, George Pring wa Bustani ya Mimea ya Missouri, mjini St. Louis, Marekani, alitumia yungiyungi la manjano lililotoka Tanganyika kuzalisha yungiyungi mseto la manjano aliloliita 'St. Louis'. Kabla ya hapo wakulima wa maua walikuwa na mayungiyungi ya kitropiki ya buluu, meupe na mekundu, lakini manjano ilikuwa imewashinda. Kwa hiyo bwawa la manjano huko Marekani lina damu ya bwawa la Tanganyika.

La pili ni Nymphaea sulphurea, linaloota Angola, Zambia na kusini mwa Kongo. Hili ndilo linalokaribia zaidi maneno ya mwanafunzi wetu, kwa kuwa ni dogo kwa jani na kwa ua. Mtu aliyekulia kusini mwa Kongo angeweza kabisa kuliona bwawani kwao, akaandika "yungiyungi dogo la maua ya manjano", na akawa amesema kweli tupu. Nasi tungemkata alama mbili.

Nje ya Afrika yapo mengine. Nymphaea mexicana, la manjano, asili yake ni kusini mwa Marekani na Meksiko. Lilipopelekwa Afrika Kusini liligeuka gugu sumbufu. Kutokana nalo Mfaransa Joseph Bory Latour-Marliac, katika karne ya 19, alizalisha mayungiyungi ya bustani, likiwamo lile dogo sana la manjano liitwalo 'Helvola'. Halafu ipo jenasi ya Nuphar, ambayo karibu yote ni ya manjano. Hii hukaa Ulaya, Asia na Amerika ya Kaskazini. Spishi yake ndogo, Nuphar pumila, ina ua lenye upana wa sentimita chache tu. Katika Nuphar, kinachoonekana kama petali za manjano ni sepali zilizokua na kupindika kama kikombe. Petali zenyewe ni ndogo na zimejificha ndani.

Safari ya jina

Wasomaji wa jarida hili ni watu wa lugha, kwa hiyo hatuwezi kuondoka kwenye neno Nuphar kabla ya kulifungua. Neno hili liliingia katika Kilatini cha enzi za kati kutoka Kiarabu, nacho kilikuwa kimelichukua kutoka Kiajemi, nilufar. Waajemi nao walilipata kutoka Kisanskriti, nilotpala. Sehemu ya kwanza ya neno hilo, nila, maana yake ni rangi ya buluu iliyokoza. Msomaji wa Kiswahili atalitambua mara moja, kwa sababu nasi tuna neno nili kwa rangi hiyohiyo. Kwa hiyo jina la kisayansi la mmea wenye ua la manjano lina asili ya maneno yanayomaanisha "yungiyungi la buluu". Jina lilisafiri kutoka nchi hadi nchi, na njiani likabadilisha rangi.

Mfano wa pili ni sulphurea. Kwa Kilatini neno hili lina maana ya "lenye rangi ya kiberiti". Kwa msomaji wa leo kiberiti ni kile kisanduku cha njiti, lakini maana ya awali, kutoka Kiarabu, ni madini ya manjano ambayo vitabu vya shule huyaita salfa. Mwanafunzi akiambiwa "yungiyungi la kiberiti" atafikiria moto. Mwalimu akimweleza historia ya neno ataona rangi.

Mfano wa tatu ni Nymphoides, yaani "lifananalo na Nymphaea". Wanabotania walipokuta mmea unaofanana na yungiyungi bila kuwa yungiyungi, hawakuulazimisha jina la mwenziwe. Waliunda jina linalokiri mfanano na tofauti kwa pamoja. Kiswahili kina mbinu zake za kufanya hivyo. Tunasema embe dodo na embe sindano, na tunasema gugumaji kwa mmea uliovamia maziwa yetu. Hakuna kinachotuzuia kusema "yungiyungi la manjano" kwa Nymphaea ya manjano, na kutafuta jina jingine kwa Ludwigia.

Linganisha hali hii na funjo, mmea wa kinamasi ambao Wamisri wa kale walitengenezea karatasi. Kiswahili kinasema funjo. Kinyarwanda kinasema urufunzo. Mtu yeyote anaweza kusikia kwamba maneno hayo ni ndugu. Mmea huo unakatwa, unasukwa mikeka na kuezekea nyumba, na kwa hiyo jina lake limetunzwa. Ludwigia hausukwi wala hauezekwi, kwa hiyo unabaki "majani ya ziwani".

Kwa nini tujali?

Huenda msomaji akauliza: je, mwalimu wa Kiswahili ana haja gani ya kuhesabu petali? Tunazo sababu mbili.

Ya kwanza ni ya kimazingira. Katika nchi jirani ya Rwanda kuna yungiyungi liitwalo Nymphaea thermarum, dogo kuliko mayungiyungi yote duniani. Majani yake huweza kuwa na upana wa sentimita moja tu, na ua lake ni jeupe lenye stameni za manjano katikati. Mtaalamu wa Kijerumani Eberhard Fischer alilikuta mwaka 1987 huko Mashyuza, kusini-magharibi mwa Rwanda, likiota kwenye tope la chemchemi ya maji moto. Kufikia mwaka 2008 maji ya chemchemi hiyo yalikuwa yameelekezwa kwingine na yungiyungi likatoweka pale lilipojulikana. Mwaka 2009, katika Bustani za Kew, London, Carlos Magdalena alifanikiwa kuliotesha kwa mbegu alipotambua kwamba miche yake haitaki kuzama majini kama mayungiyungi mengine. Inataka tope lililo sawa na uso wa maji, ambapo inapata hewa ya ukaa. Mwaka 2023 ikatangazwa kwamba mmea huo umeonekana tena Mashyuza. Lau Fischer angepita pale na kusema "majani ya maji tu", mmea ule ungetoweka mwaka 2008 bila mtu hata mmoja kujua kwamba uliwahi kuwapo. Kisichokuwa na jina hakililiwi.

Sababu ya pili ni ya kielimu. Marekebisho ya Katiba ya Uganda ya mwaka 2005 yaliweka Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kama somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Walimu wengi wanaotoka vyuoni sasa watafundisha watoto walio mbali na pwani. Kamusi zetu kuu zilitungwa kwa kuegemea pwani na visiwani, na hilo si kosa. Ndiko Kiswahili sanifu kilikotolewa. Kosa ni pale mwalimu anapoichukua kamusi kama orodha ya vitu vyote vilivyopo duniani. Kamusi ni orodha ya maneno yaliyokwisha kukusanywa. Mtoto wa Nakivale akiona kitu ambacho kamusi haijakiona, wa kusahihishwa huenda akawa mkusanyaji wa maneno.

Pendekezo kwa walimu

Tumeanza kutumia zoezi lifuatalo darasani, na tunawashauri wenzetu walijaribu. Mwanafunzi aleta mmea mmoja kutoka kwao, wa majini au wa nchi kavu. Kwanza aueleze kwa maandishi bila kutaja jina: idadi ya petali, umbo la jani, mahali kikonyo kinaposhikia, rangi, harufu. Pili, aandike majina yote anayoyajua ya mmea huo katika lugha za nyumbani, iwe Kinyankole, Kirundi, Kinyarwanda, Kisomali au Kiswahili cha Kongo. Tatu, wenzake wapendekeze jina la Kiswahili na kulitetea. Kamusi ifunguliwe mwisho, baada ya macho kufanya kazi yake.

Zoezi hili hufundisha ngeli, vivumishi na msamiati wa elimumimea kwa wakati mmoja. Zaidi ya hayo, humpa nafasi mwanafunzi ambaye Kiswahili chake huhesabiwa kuwa si sanifu. Yeye ndiye anayelijua ziwa.

Hitimisho

Tumeona kwamba ua la Nakivale si yungiyungi bali ni Ludwigia stolonifera. Kwamba yungiyungi la manjano hata hivyo lipo Tanzania na kusini mwa Kongo. Na kwamba jina na kitu husafiri njia tofauti, mara nyingine vikapotezana. Mwanafunzi alikosea jina la mmea lakini hakukosea rangi. Sisi tulikosea jambo kubwa zaidi: tulikana kitu ambacho hatujakwenda kukitazama.

Alama zake mbili tumemrudishia. Yeye mwenyewe alitaka kubaki na moja tu, kwa kuwa, alisema, yungiyungi halikuwa yungiyungi. Tulikubaliana hivyo.

Wasomaji wanaoishi kando ya maziwa, mito na mabwawa, wawe Isingiro, Ukerewe, Kigoma au Uvira, tunawaomba watuandikie jina linalotumika kwao kwa ua hili dogo la manjano lenye petali tano na sponji nyeupe kwenye shina. Pengine jina limo tayari vinywani mwa watu, nasi hatujauliza tu.